Mwaka wa Kuzunguka Leki

Simu ya kuniambia kwamba Shemeji Wekesa amefariki ilinikuta nikichambua mboga, na nikamaliza kuchambua. Wengine wakipata habari ya msiba hupiga nduru, wengine hukaa chini wakashika kichwa. Mimi huimaliza kwanza kazi iliyoko mkononi, ndipo nikalia. Aliyenipigia ni kijana wake wa kwanza, mtoto wa mke aliyemwoa miaka mingi baada ya dada yangu kuondoka duniani. Alinieleza kwa upole kwamba mzee alitoka asubuhi na baiskeli kama kawaida yake, akazunguka bwawa, akarudi, akaiegemeza ukutani na kuomba chai. Chai ilipoletwa, hakuwepo tena wa kuinywa. Nikamuuliza kama alikuwa bado anaendesha ile nyeusi. "Hiyo hiyo, Anti. Tulimnunulia ya gia akakataa, ati hiyo ni ya watu wenye haraka." Nikacheka na machozi yakinitoka, kwa maana nilimsikia Wekesa mwenyewe akisema. Mama, ambaye siku hizi ni mzee sana na tunaishi pamoja hapa nyumbani juu ya Kimilili, aliuliza ni nani amepiga. Nikamwambia. Alivuta leso iliyokuwa mabegani akajifunika kichwa, kisha akageuza uso kidogo, kama vile Wekesa amesimama pale mlangoni akitaka kupita.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja kuitwa chuo cha uuguzi, na nikaenda kungojea Kitale kwa dada yangu Sela na mumewe. Walikuwa na vyumba viwili katika ploti iliyo upande wa chini wa reli, chumba kimoja cha kulala na kingine cha kila kitu. Katika hicho cha kila kitu mlikuwa na meza, jiko la makaa, godoro langu lililosimamishwa ukutani mchana, na baiskeli mbili. Baiskeli hazikulala nje hata siku moja. Moja ilikuwa Blakmamba nyeusi ya Wekesa, nzito kama ng'ombe. Ya pili ilikuwa ya kike, ya kijani, ambayo Sela aliinunua kwa Singh mwenye duka la baiskeli karibu na soko. Tulikula ugali na sukuma wiki magoti yetu yakigusa magurudumu. Sela alianika vitambaa vya vikombe kwenye usukani, na chumba kizima kilinuka grisi, mafuta ya kupikia na sabuni ya kipande. Nimeishi katika nyumba nzuri zaidi tangu wakati huo, zenye sebule ambazo mtu anaweza kutembea ndani yake, lakini nikisema neno nyumbani haraka bila kufikiri, ninachokiona ni gurudumu la nyuma la Wekesa likiwa limeshika mwanga wa taa ya mafuta.

Wekesa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika lililokuwa shamba la mzungu, nje kidogo ya mji. Katika shamba hilo mzungu aliacha bwawa kubwa, ambalo watu waliogawiwa ardhi hapo waliliita Leki, yaani ziwa. Maji yake yalienea mpaka kwenye matete ya upande wa pili. Juu ya ukuta wake palikuwa na njia tambarare, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu mlima Elgon ulionekana mara mbili, juu na ndani ya maji. Kila Jumapili baada ya kanisa, Wekesa alitoa baiskeli nje akazipangusa, tukaenda kulizunguka Leki, kisha tukateremka kufuata kijito kinachotoka hapo mpaka mabondeni. Hatukubeba kitu, wala hatukutumwa na mtu. Nataka nieleweke hapa, kwa sababu vijana wa siku hizi wanaona jambo hili ni la kawaida: wakati ule baiskeli ilikuwa ya kubeba maziwa, gunia la mahindi, mgonjwa au mke anayeenda sokoni. Mtu mzima kuendesha baiskeli ili aone maji na ndege kisha arudi mikono mitupu kulikuwa sawa na kuwashusha ng'ombe mtoni halafu kuwarudisha bila kunywa. Ukuta wa ploti yetu ulikuwa wa mabati, na tulisikia kila kitu majirani walichosema.

"Mwalimu na wasichana wake wanaenda tena."

"Kufanya nini huko?"

"Kuangalia maji."

"Si hapa kuna maji kwa mfereji?"

Sela alikuwa akiziba mdomo kwa kanga ili asicheke kwa sauti. Wekesa hakujali. Aliniambia siku ya kwanza kwamba anayepita njia kwa sababu ya kazi huwa anaona kazi tu, njia yenyewe haioni. Mimi nilidhani ni maneno ya mwalimu. Baadaye nilipofanya kazi ya wodi kwa miaka mingi, nikipita korido ile ile bila kujua imepakwa rangi gani, nilimwelewa.

Nilijifunzia kuendesha juu ya ukuta wa bwawa, maji upande mmoja na mteremko wa nyasi upande wa pili. Wekesa alikuwa akikimbia nyuma yangu ameshika keria, yaani kile kiti cha chuma cha nyuma, na Sela amekaa kwenye nyasi akipiga kelele, "Tazama mbele, usitazame tairi! Tairi haiendi popote!" Nilianguka upande wa nyasi mara nyingi, na mara moja upande wa maji. Nilipoweza, tulianza kubadilishana ile ya kijani, mmoja anaendesha, mwingine anakaa kwenye keria amemshika mwenzake kiunoni. Sela aliendesha vizuri kuliko sisi wote. Aliinama mbele, viwiko nje, kitambaa cha kichwa kikipepea, na kwenye mteremko hakushika breki mpaka aone daraja. Tulivijua vijito vyote vya upande ule: kile chenye mashamba ya nduma, kile ambacho korongo hutua jioni, kile chenye daraja la magogo mawili ambapo ni lazima ubebe baiskeli begani. Tulibeba viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya karatasi na chai katika chupa, tukala tumekaa kwenye mawe, miguu ndani ya maji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani watu wazima wote waliooana huishi hivyo.

Safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bungoma. Tuliondoka kukiwa bado na umande, tukashuka Kiminini, tukavuka Kamukuywa, na kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na mashamba ya mahindi kuanza kuchanganyika na miwa. Sela alitangulia. Alikuwa ameinua miguu juu ya pedali, baiskeli inajiendea yenyewe, na alikuwa anaimba wimbo wa kanisa kwa mwendo usiofaa kanisani. Tulifika mjini mchana, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tukanywa soda kando ya stesheni tukitazama gari la moshi la mizigo likipita polepole kwenda Uganda, na vijana wa baiskeli za kubeba abiria wakatuzunguka kutucheka, ati hawa wametoka Kitale na hawana hata kuku wa kuuza. "Mmekuja kuona nani?" mmoja akauliza. Sela akamjibu, "Wewe." Vijana wenzake wakamcheka yeye. Nikiulizwa leo dada yangu alikuwa mtu wa namna gani, huwa nasimulia hilo tu.

Tulipopita karibu na kwetu, Wekesa alibaki katika duka la sentani, penye maduka machache ya kijiji, na sisi wawili tukapanda nyumbani kumwona Mama. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Kwetu Wabukusu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali wakionana, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake. Mama alishika heshima hiyo kuliko wanawake wengi wa rika lake. Lakini asidhani mtu kwamba hakumpenda Wekesa. Alimpenda kwa sufuria. Akisikia tu kwamba mkwe yuko dukani, alikamata jogoo, akampika polepole kwa mchuzi mzito, akapanga nyama kwenye bakuli lenye kifuniko na kumtuma mtoto wa jirani. Bakuli likirudi alilifunua mwenyewe kuangalia kama limemalizwa, na likiwa jeupe alitabasamu siku nzima. Kwa miaka yote ya ndoa ya Sela sidhani aliwahi kuuona uso wa Wekesa vizuri.

Siku moja tu walikutana ana kwa ana. Tulikuwa tunatoka kwa Mama, naye akaamua kutusindikiza, na Wekesa kwa kuchoka kungoja akawa anapanda kutufuata. Kwenye kona ya njia nyembamba wakatokezana. Wekesa aliruka na baiskeli yake yote ndani ya mahindi ya watu. Mama, mwanamke mzito, aliruka upande wa pili, akazama kwenye viazi vya jirani mpaka magotini. Wakasimama hivyo wamepeana migongo, yeye ndani ya mahindi, Mama ndani ya viazi, wakisalimiana kwa sauti ya chini, huyu akiongea na mahindi na yule na viazi. "Habari ya nyumbani?" "Ni nzuri, baba. Mmeamkaje huko?" Mimi na Sela tulicheka mpaka tukakaa chini katikati ya njia. Mama alitukemea baadaye, naye anacheka.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Sela, kwamba Mama hakuwahi kuona anapoishi. Hangeweza kulala katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na mkwe, na kuja na kurudi siku moja ilikuwa shida. Sela alimsimulia Leki kila alipomwona. "Mama, kuna maji mpaka huwezi kutupa jiwe likafika ng'ambo." Mama alikunja uso. "Na samaki?" "Hakuna sana." "Sasa hiyo ni ziwa gani?" Kisha aliitazama ile baiskeli ya kijani na kumwambia kwa sauti ya kuficha, ingawa mimi nilikuwa pale pale mlangoni, "Hii chuma inakufanya nini kwa tumbo? Watu wanauliza mtoto yuko wapi." Sela akamwambia siku moja atampakia kwenye hiyo hiyo chuma ampeleke Leki. "Mimi? Mimi nipande hiyo?" Mama akasema, "Siku moja," kama watu wanavyowaambia watoto.

Mambo yaligeuka mwezi wa mahindi kufika kiunoni. Tulikuwa tunapanda kutoka kwenye kile kijito cha nduma, na nikaona Sela ameshuka anasukuma baiskeli. Sikuwahi kumwona akisukuma. Alisema ni jua, na siku ile hakukuwa na jua. Juma lililofuata viatu vyake vilikataa kuingia, na nikibonyeza mguu wake kwa kidole palibaki shimo. Hospitali walimlaza, wakatuambia ni moyo, kwamba homa fulani ya utotoni iliuharibu na ulikuwa umefanya kazi kwa shida miaka yote hiyo. Hapakuwa na lawama ya baiskeli ndani ya maneno yao, ila kwamba asiiguse tena. Mama alikuja kumwona wodini siku moja na gari la asubuhi, akakaa kitandani amemshika miguu, akarudi na la jioni. Muda wote huo Wekesa alisimama nje ya lango chini ya mkaratusi, akingoja zamu yake. Walipomruhusu Sela kurudi nyumbani akiwa na vidonge vyake, alikuwa mwepesi kiasi kwamba Wekesa alimbeba kutoka barabarani.

Kwa muda kidogo tuliendelea na Jumapili zetu kwa namna nyingine. Wekesa alikunja blanketi akalifunga kwenye keria ya Blakmamba, Sela akakaa juu yake, na Wekesa akaisukuma polepole juu ya ukuta wa bwawa huku mimi nikitembea kando nimemshika mkono. Majirani hawakuuliza tena tunaenda kufanya nini. Mama Rispa, aliyeishi mlango wa pili na ambaye ndiye aliyekuwa akitucheka zaidi, alituletea chupa ya chai ya kubeba. Halafu ikafika Jumapili ambayo Sela alisema, "Leo niambieni tu vile Leki inakaa." Wekesa akaenda peke yake, akarudi, akakaa kando ya kitanda akamwambia kila kitu, korongo wangapi, maji yamepanda wapi, nani amefua wapi. Sikuweza kukaa mle ndani. Nilitoka nje nikaosha sufuria zilizokuwa safi.

Mvua zilikuwa nyingi wakati huo, na juma lile wenye matatu, yale magari ya abiria, walikuwa wamegoma. Barabara ilikuwa kimya. Singh alikuwa na pikapu, lakini injini yake ilikuwa imefunguliwa vipandevipande juu ya gunia. Ndipo asubuhi moja Sela akasema anamtaka Mama. Hakulia, alisema tu kama mtu anayeomba maji: "Nataka Mama." Mama Rispa akasema kitanda kiko kwake, Mama atalala kwake, heshima haitavunjika. Kilichobaki ilikuwa ni kumleta. Sela akatuangalia sisi wawili, akamwambia mumewe, "Tuma Nanjala."

"Naweza," nikasema. "Njia naijua."

"Hii mvua?" Wekesa akasema. "Hayo mabonde yamejaa matope, Nanjala, na hapa nani atamwosha, nani atamgeuza? Si ni wewe? Nikienda mimi nitafika haraka."

"Haraka, ndio," Sela akasema, akafumba macho. Kila sentensi wakati ule ilimgharimu pumzi, na alikuwa ameshatoa mbili. Tulidhani anataka kulala. Wekesa alikuwa na miguu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alizijua njia za mkato za mabonde kwa sababu ya Jumapili zetu zote. Aliyoyasema yalikuwa kweli. Sote wawili tulikuwa tunafikiria mwendo wa kwenda. Wa kurudi hatukuufikiria, na aliyeufikiria alikuwa amefumba macho. Wekesa alikunja suruali, akafunga lile blanketi kwenye keria vizuri zaidi ya siku zote, akagonga kengele mara moja mlangoni ili Sela asikie, akaenda.

Yaliyotokea huko niliyapata baadaye, nusu kwa Wekesa na nusu kwa Mama, na hayakupishana. Alifika kabla ya jua kupanda sana, matope mpaka kifuani. Akasimama kwenye lango bila kuingia, akamtuma mtoto wa jirani amwambie Mama kwamba Sela anamwita na kwamba amekuja kumchukua. Mama akatoka na leso kichwani, ametazama pembeni. Akaiona baiskeli, blanketi lililofungwa, na mgongo wa Wekesa mbele yake. Ukikaa kwenye keria unamshika mwendeshaji. Kwenye mteremko unamkumbatia. Hakuna namna nyingine, mimi najua, nimekaa hapo mwaka mzima. Wekesa alikuwa amegeukia mti ulio kando ya lango, na akauambia mti, "Mama, mimi nitaangalia mbele tu. Sitageuka." Mama akakaza leso kichwani. Kisha akaziambia nyasi, "Twende, baba. Nitatembea."

Wekesa alikwenda sentani kutafuta kijana wa baiskeli ambaye si mkwe, lakini kwa sababu ya mgomo wote walikuwa wamebeba watu kwenda mbali. Basi wakatembea. Wekesa alitangulia akisukuma baiskeli tupu, na Mama akamfuata kwa umbali ambao mkwe na mama mkwe wanaachiana. Kwenye miteremko Wekesa angeweza kupanda lakini hakupanda. Njiani alisimama, akaiegemeza baiskeli kwenye ukingo, akasogea mbali, akamwomba Mama, kupitia mwanamke aliyekuwa akipita, akae tu, yeye ataisukuma bila kumgusa. Mama akasema asiwapotezee wakati. Mvua ikawanyeshea. Giza likawakuta ng'ambo ya Kamukuywa, na wakalala kanisani, Mama ndani na Wekesa barazani. Miaka mingi baadaye Mama aliniambia jambo moja tu kuhusu njia ile: "Nilikuwa naangalia ile keria. Njia yote naangalia ile keria."

Sisi huku tulikuwa tunasikiliza. Kuanzia saa tisa Sela aliniomba niache mlango wazi, ingawa mvua ilikuwa ikiingia. Baiskeli ikipita barabarani alifungua macho. "Hiyo ni yake?" "Siyo." Nilimchemshia uji, akanywa vijiko viwili kunifurahisha. Nikamwosha uso. Nikamsuka nywele mistari minne mikubwa, ili Mama amkute nadhifu. Ilipofika saa kumi na moja na hakuna kengele, nikaanza kumlaumu Wekesa kwa sauti, ati ameteleza wapi, ati amekaa dukani. Sela akatikisa kichwa. Alikuwa karibu kucheka, ule uso wake wa kuziba mdomo kwa kanga.

"Wanatembea," akasema.

"Nani anatembea?"

"Mama hawezi kupanda. Wanatembea." Akapumzika, kisha akasema tena, bila hasira yoyote, "Najua vile wanatembea. Yeye mbele, Mama nyuma."

Ndipo nikaelewa, na nikasimama nikashika ile ya kijani, nikataka kwenda kuwapokea, nimpakie Mama mimi. Sela akanyoosha mkono kutoka kitandani. "Usiende. Usiniache peke yangu." Nikaiachia baiskeli, nikakaa. Alikufa kabla taa hazijawashwa, uso wake ukiwa umeelekea mlangoni.

Walifika kesho yake asubuhi. Nilisikia kengele mara moja, ile ile. Wekesa aliiegemeza baiskeli ukutani, blanketi bado limefungwa kwenye keria na linachuruzika maji, na akaona uso wangu. Mama naye akaona. Akapita, akaingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya binti yake. Nikamfuata Wekesa akienda mlangoni, nikamwona anasimama. Mama mkwe alikuwa ndani. Alibaki pale nje kwenye mvua, mkono mmoja juu ya bati la ukuta, mkewe amelala upande wa pili wa bati hilo, mpaka Mama alipotoka. Nilimwomba aingie tu. Mama Rispa alimwomba. Hakuingia. Wakati ule nilimkasirikia sana, na nilimkasirikia Mama zaidi, na hasira hiyo niliibeba chuoni na ile baiskeli ya kijani ambayo Wekesa alinipa. Siku hizi sina hasira. Kila mmoja wao alikuwa anampa mwenzake kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na Sela akakilipia. Huzuni yangu haijapungua kwa kulielewa hilo.

Tulimzika Wekesa juma lililopita, kwenye shamba alilonunua karibu na Leki. Kijana wangu alituendesha. Tulipofika juu ya ukuta wa bwawa Mama akasema, "Simama," nasi tukashuka. Matete yamekula sehemu kubwa, na maji yamepungua, lakini mlima ulikuwa wazi. Akaangalia muda mrefu akiegemea fimbo yake.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Ni kubwa," akasema. "Yeye alisema ni kubwa."

Nyumbani kwa Wekesa walikuwa wameiegemeza Blakmamba kando ya jeneza, imepanguswa. Mama walimpa kiti mbali, nyuma ya wanawake, inavyompasa mama mkwe. Mchungaji alipofungua kitabu chake, nikamwona Mama anainuka. Mzee mmoja wa ukoo wao akanong'ona, "Mama, hapana, hapo si pako," na wanawake wawili wakanyoosha mikono kumzuia, kisha wakairudisha. Akaenda polepole, leso imefunika uso mpaka kwenye pua, ametazama pembeni vile vile, mpaka fimbo ikagonga mbao. Akabadilisha fimbo mkono. Akaweka kiganja chake juu ya kifuniko, pale ambapo ndani kuna bega, akakituliza. Mchungaji akashusha kitabu akangoja.

"Kumbe ni hivi tu," Mama akasema. Kisha, kwa sauti ambayo mimi peke yangu niliyekuwa karibu niliisikia, akamwambia Wekesa, "Twende, baba."